"Yaya, haifunguki": namna ninavyotafuta hitilafu ya mtandao kila Jumamosi ya mchezo, kutoka Katuba, Lubumbashi

Jumamosi saa mbili kasorobo usiku simu yangu huanza kulia. Wa kwanza ni Mlozi, aliyeko Likasi: "Yaya, haifunguki" (yaya kwetu ni kaka au dada mkubwa). Anafuata Mwizi wa Kasumbalesa: "Kwangu inazunguka tu." Mpiga Upinde wa Kolwezi haandiki neno, hutuma picha ya skrini yake, basi. Padri, mwanafunzi wa Kinshasa, yeye kwa kawaida hajafika bado, na sababu yake nitaisema huko mbele kwa kuwa ilinipotezea wiki mbili. Hayo ni majina ya wahusika wao katika mchezo. Majina ya kwao wenyewe yabaki kwao.

Mchana mimi ni mhasibu wa duka la vifaa vya ujenzi. Jumamosi usiku ni MJ, yaani msimamizi wa mchezo: nasimulia, wachezaji wanasema wahusika wao wanafanya nini, kete zinaamua kama wamefaulu. Tulianza mezani, kwenye bukari (ugali) na michopo (nyama choma), kisha kazi ikatutawanya watu huku na huku, na tangu 2021 tunacheza mtandaoni. Tunatumia Foundry Virtual Tabletop. Programu hiyo hununuliwa na kuwekwa kwenye kompyuta ya mtu mmoja, na wengine wote huingia kwa kivinjari bila kununua wala kusakinisha chochote. Raha ya mpango huu na karaha yake ni kitu kimoja: kompyuta yangu, juu ya meza ya plastiki hapa Katuba, ndiyo seva. Wasipoingia, wa kuulizwa ni mimi.

Mwaka wa kwanza nilikuwa nagusa kila kitu kwa pamoja. Nazima modemu, nawasha kompyuta upya, nafuta ukuta wa moto (firewall, ulinzi unaozuia wageni wa mtandaoni), nabadilisha nywila, nagombana na mdogo wangu. Mara nyingine ilikubali, lakini sikujua ni lipi kati ya hayo lililoponya, kwa hiyo Jumamosi iliyofuata naanza tena upya. Sasa sigusi kitu kabla ya kujua barabara imekatika wapi. Kutoka kwangu hadi kwa Mlozi kuna vipande vinne: programu yenyewe, nyumba yangu, kampuni ya simu, na upande wa mchezaji. Navipima kwa mpangilio huo, kutoka ndani kwenda nje, na sirukii cha pili kabla cha kwanza hakijanijibu.

Kipande cha kwanza: je, seva ipo?

Kwenye kompyuta ileile inayoendesha mchezo, fungua kivinjari uandike http://localhost:30000. Namba 30000 ndiyo mlango ambao Foundry huusikiliza usipoibadilisha. Ukurasa ukifunguka, programu ni nzima. Nenda kipande cha pili. Usipofunguka, hakuna mtandao wa kulaumu, kwa sababu hujatoka hata nje ya kompyuta yako.

Kwangu sababu huwa moja karibu kila mara: umeme ulikatika, betri ikaisha, kompyuta ikazimika ghafla, na programu ikaacha kufuli nyuma yake. Ukiiwasha inagoma, inadai kabrasha la data linatumiwa na programu nyingine. Kwanza hakikisha kweli hujaifungua mara mbili (mimi niliwahi, na dirisha la pili lilikuwa limejificha nyuma ya karatasi za mishahara). Ngoja dakika moja, jaribu tena. Ikiendelea kugoma, ingia kwenye kabrasha la Config, utakuta kabrasha dogo liitwalo options.json.lock. Lifute hilo tu, usiguse jirani zake.

Kipande cha pili: nyumba

Chukua simu iliyo kwenye Wi-Fi ileile. Kwenye kompyuta ya Windows fungua dirisha jeusi la amri, andika ipconfig, usome anwani ya IPv4, yaani namba ya kompyuta hiyo kwenye mtandao. Kwangu ni 192.168.8.100, kwako yaweza kuwa 192.168.1 kitu fulani. Kwenye simu andika http://192.168.8.100:30000, kwa anwani yako.

Hapo tafadhali andika http:// kwa mkono wako, yote, bila herufi s. Vivinjari vya siku hizi vinapenda kuongeza s vyenyewe, na Foundry ikiwa haina cheti cha usalama haitajibu. Hitilafu hiyo peke yake imenilia jioni nzima, na dawa yake ni kufuta herufi moja.

Kompyuta yenyewe ikifungua lakini simu ikakataa, mshtakiwa wa kwanza ni ukuta wa moto wa Windows. Ukijiunga na Wi-Fi mpya, Windows huuliza kama mtandao huo ni wa nyumbani au wa hadharani. Mimi nilipobadilisha modemu nilibofya haraka haraka ili nirudi kwenye kazi, ikauandika "Réseau public", na tangu hapo ikawa inamfungia mlango kila anayebisha, hata mdogo wangu aliyekaa mita mbili kutoka kwangu. Ingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi, badilisha iwe "Réseau privé", kisha thibitisha kuwa Foundry imeruhusiwa kwenye orodha ya ukuta wa moto. Usizime ukuta wote. Najua wapo mafundi wanaosema zima tu; hao si wao watakaosafisha virusi kwenye faili za mishahara.

Modemu nyingine zina Wi-Fi ya wageni, ambayo huzuia vifaa visionane. Kama simu iko kwenye Wi-Fi ya wageni, itoe humo kabla hujahangaika na mengine.

Halafu soma maneno ya kosa. Wachezaji wengi hunitumia picha ya skrini bila kuisoma, na skrini inakuwa imeshaeleza kila kitu, kwa Kifaransa. Chrome ikisema anwani fulani "n'autorise pas la connexion", pamoja na herufi ERR_CONNECTION_REFUSED, maana yake ujumbe ulifika kwenye mashine lakini hakuna aliyekuwa anausikiliza mlango huo: programu imezimwa, au namba ya mlango si yenyewe. Ikisema "a mis trop de temps à répondre", ERR_CONNECTION_TIMED_OUT, ujumbe ulimezwa njiani, na aliyeumeza ni ukuta wa moto, modemu au kampuni ya simu. Anayekataliwa amefika mlangoni, anayechoka kusubiri hajafika. Tofauti hiyo peke yake huniondolea nusu ya kazi.

Kipande cha tatu: mlango ambao si wako

Hapa ndipo watu wengi wa mji huu hukwama, na ndipo maelezo ya mafundi wa Ulaya huwa hayatusaidii. Wao husema: ingia kwenye modemu, elekeza mlango 30000 wa TCP kwenda kwenye kompyuta yako, kisha wape wachezaji anwani yako ya nje. Ni kweli kabisa, kama anwani ya nje ni yako.

Jaribu hivi. Fungua ukurasa wa modemu, kwangu ni 192.168.8.1, kwenye modemu nyingine ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Tafuta anwani ya upande wa nje, ile iliyoandikwa WAN. Iandike kwenye karatasi. Kisha fungua tovuti yoyote inayokuonyesha anwani yako ya IP na ulinganishe. Zikiwa sawa, una bahati: elekeza mlango, ifungie kompyuta yako anwani moja ya ndani ili isibadilike kila ukiwasha, na wachezaji wataingia. Zikitofautiana, na ile ya modemu inaanza na 10, au iko kati ya 100.64 na 100.127, basi uko nyuma ya geti la watu wengi. Vivyo hivyo kwa 172.16 hadi 172.31 na 192.168, ingawa hapo yawezekana tu kwamba una modemu mbili nyumbani zinazofuatana.

Sababu ni uchache. Anwani za IPv4 haziwezi kuzidi bilioni 4.29 duniani kote, na simu zilizo mkononi mwa watu peke yake zinazidi hapo. Kwa hiyo kampuni za simu huwapa wateja wengi anwani moja ya nje. Mwaka 2012 lilitengwa hata fungu maalumu la anwani kwa kazi hiyo, lile la 100.64. Nimeeleza jambo hili mara nyingi kwa wachezaji wangu, na mfano ulioeleweka ni wa lupango, yaani kiwanja kimoja chenye nyumba nyingi.

Kampuni imetupanga wengi ndani ya lupango mmoja wenye geti moja barabarani. Ukitoka wewe, mlinzi anakuona, anaandika daftarini: wa nyumba ya saba katoka kwenda dukani. Jibu likirudi kutoka dukani analisoma daftari, analipeleka nyumba ya saba. Lakini mgeni akija bila kuitwa, akasema namtafuta yaya wa mlango 30000, mlinzi hana mstari wowote wa kumwelekeza. Hamfukuzi wala hamjibu. Anamwacha amesimama hadi achoke, na ndiyo maana Mlozi huona kwamba ukurasa "umechukua muda mrefu kujibu". Kuelekeza mlango kwenye modemu yako ni sawa na kuacha mlango wa nyumba ya saba wazi wakati geti la barabarani limefungwa.

Unaweza kuomba kampuni ikupe anwani yako peke yako. Sema "adresse IP publique". Nilienda dukani kwao nikaomba. Kijana wa kaunta alikuwa na adabu sana, akaizima modemu yangu, akaiwasha, akaniuliza kama sasa imekubali. Kampuni nyingine huziuza anwani hizo kwa wateja wa biashara, kwa hiyo kuuliza si kosa, ila usisubiri jibu kabla ya Jumamosi.

Onyo moja kabla sijaendelea. Usijaribu anwani yako ya nje ukiwa kwenye Wi-Fi yako mwenyewe. Modemu nyingi haziwezi kutoka na kurudi ndani kwa njia hiyo, zitakuonyesha kosa hata pale ambapo kila kitu ni kizima. Zima Wi-Fi kwenye simu, tumia mega zako (data ya simu), ndipo ujaribu. Nilibomoa mipangilio mizuri mara mbili kwa kutojua hili.

Kutoka mwenyewe kwanza

Kama mlinzi huwajua tu waliotoka, basi toka. Hiyo ndiyo siri yote ya handaki: kompyuta yako inatoka yenyewe, inaenda hadi kwenye seva iliyo nje yenye anwani yake halali, inabaki imeshikana nayo. Wachezaji wanabisha kule nje, na maneno yao yanarudi kwenye njia ambayo wewe ndiye uliyeifungua. Mlinzi anaona jibu la mtu wa nyumba ya saba, anapitisha.

Natumia programu ndogo ya Cloudflare iitwayo cloudflared. Ukishaipakua, unaiendesha kwenye dirisha la amri kwa mstari huu:

cloudflared tunnel --url http://localhost:30000

Baada ya sekunde chache inakuandikia anwani ndefu yenye maneno ya ajabu ajabu inayoishia na trycloudflare.com. Nainakili, naibandika kwenye kundi letu la WhatsApp, mchezo umeanza. Haihitaji akaunti wala malipo. Ina https pia, na hilo si urembo: kwa http tupu kivinjari hukataa kuifungulia Foundry maikrofoni na kamera. Kasoro zake: anwani hubadilika kila ukiiwasha upya, kwa hiyo anayetumia kiungo cha Jumamosi iliyopita hataingia (na lazima yupo mmoja). Isitoshe, wenyewe wanasema njia hii ya haraka ni ya majaribio, hawakuahidi kwamba itakuwa wima daima. Mwenye jina lake la tovuti anaweza kutengeneza handaki la kudumu, lenye anwani isiyobadilika.

Njia ya pili ni Tailscale. Hiyo hutengeneza mtandao wenu wa siri, kila mchezaji anaisakinisha, kila mmoja anapata anwani inayoanza na 100. Usishtuke ukiona zinafanana na zile za lupango. Ni fungu lilelile la anwani linatumika kwa kazi tofauti. Uzuri wake ni kwamba mara nyingi hufanikiwa kuunganisha kompyuta mbili moja kwa moja. Ukiandika tailscale ping na jina la kompyuta ya mwenzako, itakuambia kama mmeshikana moja kwa moja au mnapitia kituo cha katikati. Ukiona neno DERP, mnapitia kituo, na ramani zitakuja polepole. Ubaya wake ni kumwelekeza Mpiga Upinde kusakinisha kitu kwa simu usiku. Nilijaribu mara moja.

Na mwenye kadi ya benki inayokubalika mtandaoni anaweza kukodi mahali pa kuiweka Foundry, kama huduma ya The Forge, akasahau habari za milango kabisa. Mimi bado nahesabu dola zangu.

Ukishafungua handaki, kumbuka kwamba yeyote mwenye kiungo anaweza kubisha. Weka nywila ya msimamizi, mpe kila mchezaji nywila yake, na mchezo ukiisha funga dirisha la cloudflared. Usilale nalo likiwa wazi.

Inafunguka lakini inaburuta

Malalamiko haya ni ya aina nyingine na yana hesabu yake. Mhasibu ndani yangu huyafurahia.

Watu hutazama kasi ya kupakua. Ukiwa mwenyeji, inayokuhusu ni kasi ya kupakia, kwa sababu kila ramani inatoka kwako kwenda kwa kila mchezaji. Kwangu, siku njema, ni megabiti 4 kwa sekunde. Nilikuwa na ramani ya mgodi wa kale wa shaba, picha nzuri mno, megabaiti 12. Wachezaji wanne wako nje: 12 mara 4 ni megabaiti 48. Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo megabiti 384. Gawa kwa 4: sekunde 96. Dakika moja na nusu watu wanne wanatazama giza, na mimi nasimulia popo. Nikaigeuza picha ile kuwa WebP, aina ya faili ya picha iliyo nyepesi, nikaipunguza upana, ikashuka hadi megabaiti 1.5. Hesabu ileile sasa inatoa sekunde 12. Hakuna aliyegundua tofauti ya picha. Nyimbo nazo huenda vivyo hivyo, faili moja moja kwa kila mtu, kwa hiyo zipunguze pia.

Foundry ina njia ya kuipakia ramani kwa wachezaji kabla haijahitajika: bofya kulia jina la ramani juu ya skrini, utaliona chaguo hilo. Mimi hupakia ramani ya vita wakati wahusika bado wanabishana na mwenye nyumba ya wageni. Kwa kundi langu hiyo ni nusu saa ya uhakika.

Na mdogo wangu, Shoka, ambaye yuko nyumbani, hapiti kwenye kiungo cha nje. Anatumia 192.168.8.100. Akipita nje, ramani inatoka kwangu, inakwenda kusikojulikana na kurudi sebuleni, imekula mega mara mbili.

Kama picha ni ndogo na bado inaburuta, pima njia. Kwenye dirisha la amri andika ping -n 50 192.168.8.1, yaani modemu yako. Baada ya hapo ping -n 50 8.8.8.8, seva ya Google iliyo nje. Tazama jumbe zilizopotea, wastani wa muda wa kujibiwa, na muda wa juu kabisa. Modemu ya nyumbani inatakiwa ijibu ndani ya milisekunde chache bila kupoteza hata moja. Ikipoteza, ugonjwa ni Wi-Fi yako. Nyumba yetu ni ya matofali ya kuchoma, kuta nene, na modemu lazima ikae dirishani ndipo ishike mnara. Kati yake na meza yangu kuna kuta mbili. Nilinunua mita 15 za kebo ya mtandao, nikaipitisha juu ya fremu za milango. Mama haipendi. Kupotea kukaisha siku ileile.

Modemu ikijibu vizuri na 8.8.8.8 ikajibu vizuri ukiwa umetulia, acha ping iendelee kisha tuma faili kubwa. Jumamosi moja yangu iliruka kutoka milisekunde 70 hadi zaidi ya 900. Kulikuwa na foleni kwenye njia ya kutoka, na foleni hiyo haikuwa yangu. Nikazunguka nyumba nzima nikiuliza nani anatuma nini. Mpwa wangu alikuwa ametoka harusini, simu yake inahifadhi picha mia tatu za bibi harusi mtandaoni. Tangu siku hiyo, saa mbili kasorobo natangaza ndani: simu zote ziache kuhifadhi picha hadi saa tano. Windows nayo niliiambia kwamba Wi-Fi hii inalipiwa kwa kipimo, ndipo ikaacha kujipakulia masasisho katikati ya vita.

Sauti isikusumbue sana. Tunaongea kwa Discord, programu ya gumzo la sauti, na chaneli yake usipoibadilisha hutumia kilobiti 64 kwa sekunde, yaani karibu megabaiti 29 kwa saa kwa sauti moja. Nimeshusha hadi 32 na bado tunamsikia Mwizi akitafuna karanga. Unaweza pia kuchagua eneo la seva ya sauti. Jaribu Afrika Kusini na Rotterdam, mchukue ile isiyokatakata. Mwenye simu na kompyuta, sauti iende kwa simu na ramani kwa kompyuta, ili moja ikikwama nyingine iseme.

Upande wa mchezaji

Mwizi anaishi Kasumbalesa, mpakani. Jioni simu yake huvutwa na mnara wa Zambia, na ndiyo inamgawia kompyuta mtandao. Palepale mega zake za Kongo zinakuwa si kitu, na yeye anaona vijiti vinne vya mtandao vimejaa. Dawa: kwenye mipangilio ya simu aondoe kuchagua mtandao kwa otomatiki, auchague wa kwake kwa mkono. Aliyeko karibu na mpaka wowote na ajue hilo kabla ya kumlaumu MJ.

Mpiga Upinde na skrini yake: menyu zinaonekana, gumzo linafanya kazi, ramani ni nyeusi. Menyu zikija, mtandao umefika. Ramani huchorwa na kadi ya picha ya kompyuta, na kivinjari chake kilikuwa kimezimiwa ruhusa ya kuitumia. Aliiwasha, akaona pango kwa mara ya kwanza baada ya miezi miwili ya kulipigania.

Padri, sasa. Kila wiki alilalamika kwamba seva inamfukuza baada ya saa chache, "wakati tumeanza juzi tu". Nilisoma kumbukumbu za programu mstari kwa mstari, nikabadilisha modemu. Kumbe Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja. Saa mbili ya Lubumbashi kwake ni saa moja, yeye alikuwa anaingia saa mbili ya kwake, sisi tumeshacheza saa nzima, na tukifunga saa tano anaona bado ni saa nne. Sasa naandika saa zote mbili kwenye tangazo.

Umeme

Modemu nyingi za nyumbani hutumia volti 12 au 5. Soma kibandiko cha chaja, volti na ampea, kisha ununue UPS (betri ya akiba) ndogo ya modemu inayolingana. Yangu hushika modemu muda wa kutosha kumaliza kikao, na kompyuta ina betri yake. Usitumie chaja ya kubahatisha kwa sababu tu tundu limeingia.

Lakini mtaa mzima ukizimika muda mrefu, mnara nao unaishi kwa betri, na utaona kasi ikishuka wakati kwako taa ya modemu ni ya kijani. Hapo hakuna cha kutengeneza. Nabonyeza kitufe cha nafasi, mchezo unasimama kwa wote, nanakili kabrasha la ulimwengu wetu kwenye USB. Kuanzia Novemba hadi Machi, radi ikikaribia, nachomoa kila kitu ukutani bila kumuuliza mtu.

Kisha napiga simu ya pamoja ya WhatsApp. Ramani naipiga picha na kuituma kama picha ya kawaida, kete zangu ziko kwenye kopo la maziwa ya unga, kila mtu anatupa za kwake kwake na kutaja namba. Tunamaliza hivyo vizuri tu. Isipokuwa Mwizi, kwa simu, na kete ambayo hakuna anayeiona, hupata 20, namba ya juu kabisa ya kete, mara nne kwa usiku mmoja, na ndiyo maana bado nang'ang'ania seva ifunguke.